Ubao Uliobakiza Mstari Mmoja

Mwezi uliopita mafundi wenzangu wa Mugumu mliniaga. Mlikodi viti, mkachinja mbuzi, mkanipa saa ya ukutani. Saa yenyewe ni ya plastiki iliyochapwa mistari ya mbao. Nimeikagua. Mistari inajirudia kila baada ya vidole vinne, na mti wa namna hiyo haujawahi kuota popote. Mtu ametengeneza mapambo ya mbao maisha yake yote, mnampa picha ya mbao. Nashukuru. Inakwenda sawasawa, nimeitundika stoo, mahali ambapo hakuna mtu anayehitaji kujua ni saa ngapi.

Katibu wa kikundi aliniomba niandike nilivyoanza kazi na niliyojifunza, ili vijana wasome. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupamba. Mapambo yangu niliyamalizia kwenye mbao. Vyeo sikuwahi kuwa navyo, na habari za fedha waulizeni walio nazo. Nitaandika niliyoyafanya, pamoja na kosa moja ambalo wengi wenu mlitembea nyuma yake bila kujua.

Tena niseme ukweli, sijastaafu kabisa. Nimebakiza kazi moja, nayo ni mkono wa msalaba wa kaburi la mke wangu Bhoke, ule mkono wenye jina lake. Wa kwanza niliutengeneza mwenyewe na nikauharibu mwenyewe. Ubao wa kuutengeneza upya uko darini jikoni unakauka, na huku mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka. Sijui kipi kitawahi, ubao kukauka au mkono kuisha. Mengine yote humu ni maelezo ya jinsi nilivyofika hapo.

Nilianza Bomani, Tarime mjini, kwa fundi aliyeitwa Ouma. Alikuwa Mjaluo mwembamba mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na alitengeneza fremu za picha za harusi, vibao vya majina vya kutundika milangoni, na misalaba. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Unaweza nini?" akaniuliza.

"Naweza kupiga randa."

"Omera, hata ng'ombe ukimfunga randa mkiani ataivuta. Kunoa unajua?"

Nikasema najua. Akanipa patasi na jiwe, nikanoa. Akaichukua, akaipitisha kwenye nywele za mkono wake wa kushoto, haikukata hata unywele mmoja. Akanirudishia. Hivyo ndivyo zilivyokwenda siku kumi na moja. Sikugusa ubao, sikugusa msumeno, nilinoa tu. Alipoanza kunyoleka nilidhani nimefuzu, kumbe alitaka inyoe bila kukwaruza. Siku ya kumi na moja alijinyoa kipande kilichobaki karibu na kiwiko, akautazama mkono wake uliokuwa umebaki kama wa mtoto mchanga, akasema, "Sasa inakata. Na sina mahali pengine pa kupimia, kwa hiyo anza kazi."

Leo namwona fundi anaisukuma patasi butu kwa nyundo mpaka ubao unatoa moshi, halafu anasema mbao ya siku hizi ni ngumu. Mbao ni ileile.

Baada ya kunoa alinifundisha kuchonga herufi, na alianza na O. Alisema herufi zilizonyooka hata mlevi anaweza kuzikata, lakini O inakuzungusha. Ukienda na nyuzi za mbao patasi inateleza, ukienda dhidi yake inamega, kwa hiyo ndani ya herufi moja unatakiwa kugeuza mkono mara nne na mtazamaji asione ulipogeuzia. Nilikata O kwa miezi miwili kwenye vipande vya kutupa. Jioni Ouma alizipanga mezani na kuzihukumu.

"Hii ni yai. Hii ni kiazi. Hii sijui ni nini, labda ni ugonjwa."

Sikuwahi kumsikia akisema nzuri. Kazi ikiwa nzuri alinyamaza na kuiweka upande wake wa meza. Nilipomuaga kwenda kujitegemea alinipa patasi ile ya kwanza, iliyofuliwa kwa springi ya lori na kutiwa mpini wa mpera. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usiazimishe." Sijaiazimisha. Walioniomba wanajijua, na nawaambia tena hapana.

Nilijenga Morotonga, hapa Mugumu, kwa sababu wageni wa mbugani hupita Mugumu, na wageni hununua vitu vidogo vinavyoingia kwenye begi. Karakana yangu ilikuwa banda la bati nyuma ya nyumba, lenye meza moja, jiriwa moja na dirisha moja upande wa mashariki. Nilitengeneza visanduku vya hereni, vishikio vya mishumaa, fremu, twiga, tembo, na vibao vya majina kwa watu waliotaka milango yao ijulikane. Wakati huo ndipo nilipomwoa Bhoke kutoka Kenyamonta. Alikuwa mtoto wa wafugaji, hajui kazi ya mbao hata kidogo, na kwa muda wa mwezi mmoja nilimweleza kila kitu nilichojua. Alisikiliza kwa heshima. Mwezi wa pili akaanza kunisahihisha.

Ilitokea hivi. Nilikuwa nimemaliza kisanduku, na kifuniko kikapasuka ufa mwembamba. Nikafanya jambo ambalo nyote mnalifanya, msikatae. Nilichanganya gundi na unga wa msumeno, nikasindilia kwenye ufa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Haukuonekana. Bhoke alikuja na uji, akakichukua kisanduku, akapitisha kidole gumba juu ya kifuniko.

"Baba Nyangi, hapa kuna nini?" Nyangi alikuwa bado yuko tumboni, lakini Bhoke alikwisha kuanza kuniita hivyo.

"Hapana kitu."

"Hapa pana baridi na hapa pana joto."

"Mbao haina baridi na joto, mwanamke."

"Basi shika mwenyewe."

Nikashika. Gundi ina ubaridi, kama kioo. Nilikuwa sijawahi kulijua hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa kazi Bomani.

"Mteja hatashika hapo," nikamwambia.

"Mimi nimeshika."

Akaenda nacho jikoni. Nilidhani amekwenda kukiweka. Jioni nilipouliza kisanduku kiko wapi, aliinua mwiko na kuonyesha chini ya sufuria. "Ndicho kimepika huo ugali unaokula. Umeiva vizuri. Angalau sasa hakimdanganyi mtu."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimuuliza kwao hukausha vipi mipini ya majembe isipasuke. Akacheka, akasema alikuwa anasubiri niulize.

Huko kwao mti wa mpini huwekwa kwenye dari ya jikoni, juu ya mafiga, palepale penye mahindi ya mbegu. Moshi unaukausha polepole na wadudu hawaugusi. Bhoke alileta desturi hiyo kwenye mbao zangu. Nikinunua ubao, mara nyingi mgrevilea wa mpakani mwa shamba la mtu, yeye ndiye aliyepanda ngazi na kuulaza darini, na mvua za msimu zikipita huchukua kaa la moto uliozimika na kuchora mstari mmoja mwishoni mwa ubao. Vuli mstari, masika mstari. Ubao wa inchi moja ulishuka ukiwa na mistari miwili. Wa inchi mbili, minne. Mistari yake ililalia kushoto kidogo, kwa sababu alichora akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika boriti.

Hakuna ubao ulioshuka bila ruhusa yake. Wateja walikuja na haraka zao, nikawaambia dari haijakubali. Wengine walidhani ni mizimu. Sikuwasahihisha, kwa maana waliniheshimu zaidi.

Alikuwa na kipimo kingine cha visanduku. Kifuniko kilichokaa sawa, ukikiachia juu ya kisanduku hakidondoki. Kinashuka taratibu chenyewe kwa sababu hewa ya ndani inatoka kidogo kidogo pembeni. Yeye alisema kinapumua. Alikiachia, akasikiliza, na kama hakikupumua alikirudisha mezani bila neno. Alinyamaza kama Ouma. Nimeishi maisha yangu chini ya watu wawili walionyamaza, na sikuhitaji mwingine wa kunisifu.

Wageni nao. Siku moja alikuja mama mmoja na kofia kubwa, akaokota tembo wangu, akauliza kupitia kwa dereva kama ni mpingo. Nikasema ni mgrevilea uliokatwa kwenye shamba la jirani yangu, na mti wenyewe ulikuwa umeanza kuegemea zizi. Dereva alinitazama kama anayemtazama mtu aliyejikojolea. Mama akamrudisha tembo mezani, akavuka barabara, akanunua tembo mweusi kwa jirani. Yule tembo alikuwa mgrevilea vilevile, kutoka mti uleule, ila amepakwa dawa ya viatu. Mama alikuwa amevaa suruali nyeupe na alimpakata. Sikusema kitu. Dereva pia hakusema kitu, lakini kiti chake ndicho kilichoumia.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kwa nini sipaki rangi nyeusi kama wenzangu. Jibu ni kwamba mgrevilea ni mbao nzuri. Ukiukata wima unatoa madoa kama manyoya ya kanga. Kuufunika na dawa ya viatu ni ujinga kwanza, uongo baadaye.

Na kwa kuwa ninawaandikia vijana, niseme na hili. Mwenzenu mmoja alinijia na simu kunionyesha mzungu anakausha mbao ndani ya oveni ya kuokea. Akaniuliza kama inafaa. Nilimwambia inafaa, asisahau chumvi. Akaandika. Mbao hukauka kwa mvua kupita juu yake ikiwa ndani, ikavuta unyevu, ikaachia, ikavuta, ikaachia, mpaka ikachoka kuhangaika. Hakuna simu itakayoleta masika kabla ya siku zake.

Nimesema hayo kwa sauti kubwa miaka mingi. Mmenisikia nikiwacheka wanaotumia mbao mbichi. Sasa niwaambie nilichofanya mimi.

Kulikuwa na mnunuzi wa Sirari aliyeitwa Jose. Mlimfahamu, yule mwenye miwani juu ya kichwa hata usingizini. Alichukua vitu kwetu na kuvipeleka mahotelini huku na ng'ambo ya mpaka. Mwaka juzi kabla ya Krismasi alikuja na picha ya twiga aliyevaa kofia nyekundu ya Krismasi.

"Mzee wangu, nataka hizi sitini. Zenye urefu wa hivi."

"Twiga amevaa kofia ya nini?"

"Ya baridi."

"Twiga anasikia baridi?"

"Mzee, mteja hana haja na stori. Mteja anaona twiga, anaona kofia, anafurahi, anatoa pesa. Wewe unakwama wapi?"

Nilipaswa kumfukuza. Badala yake nilifanya jambo la kijinga, nilitaka kumwonyesha kwamba ninaweza. Fundi mzee akiambiwa amekwama hubeba hata mawe. Nikaanza kushusha mbao za darini, zote zikiwa na mistari yake kamili, Bhoke akiwa amenishikia ngazi. Twiga wa kwanza walitoka vizuri kadiri twiga mwenye kofia anavyoweza kutoka vizuri. Nilipofika arobaini na nane, darini zilikuwa zimebaki mbao mbili. Mmoja mkavu wa inchi mbili, wenye mistari minne. Mwingine mpya, mrefu na mpana, wa inchi mbili vilevile, ambao alikuwa ameupandisha kabla ya vuli hiyo na bado haukuwa na mstari.

Nilipoweka ngazi kwa ajili ya ule mkavu, Bhoke hakuishika.

"Huo uache, Baba Nyangi."

"Zimebaki kumi na mbili tu."

"Dari isibaki bila ubao mkavu. Hujui nyumba itahitaji nini."

"Nyumba itahitaji nini? Mlango tunao, meza tunayo."

"Sijui. Ndiyo maana nasema uache."

"Jose anakuja Ijumaa."

"Basi mpe arobaini na nane na umwambie dari imekataa. Umewaambia watu wote hivyo, yeye ni nani?"

Niliushusha. Ngazi haikuanguka, hakuna lililotokea. Nilipata twiga kumi na wawili na kipande cha kuni. Jose alipokuja Ijumaa hakuwahesabu wala kuwashika. Aliwatupa kwenye mfuko wa salfeti kama viazi, akasema, "Umeona sasa, mzee? Biashara ni kusonga." Bhoke alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisema siku hiyo, wala siku nyingine. Vuli ilipokwisha alipanda ngazi mwenyewe, akachora mstari wa kwanza kwenye ule ubao mpya, akashuka.

Aliugua siku tisa. Sina la kuandika juu ya siku hizo.

Kwetu msalaba wa marehemu hutangulia. Unabebwa mbele ya jeneza tangu mlangoni mpaka kaburini, jina likitazama watu, na ndicho kitu cha kwanza ambacho macho yote yanasoma. Shemeji yangu Chacha, mdogo wake Bhoke, alikwenda mjini na kurudi na msalaba tayari. Umepakwa rangi nyeupe ya mafuta, misumari inaonekana, na herufi za jina ni stika za kubandika kama za namba za pikipiki.

"Shemeji, msalaba tumekwisha leta," akasema. "Wewe kaa na watu."

"Hii ni takataka."

"Shemeji, ni msalaba."

"Ni takataka yenye umbo la msalaba. Mke wa fundi hawezi kutanguliwa na stika."

"Mazishi ni kesho kutwa. Utatoa wapi muda?"

"Muda ninao. Ondoa hiyo hapa."

Chacha aliubeba taratibu akaupeleka stoo, na hakustahili maneno yale. Alikuwa amefiwa na dada.

Nikaenda jikoni nikatazama juu. Mti wa kusimama niliupata kwenye fremu ya mlango wa zamani, mkavu kama mfupa lakini mwembamba. Kwa mkono wa msalaba, pale panapokaa jina, nilihitaji ubao mpana. Darini ulikuwepo mmoja tu, wenye mstari mmoja. Inatakiwa minne. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai siku ile. Niliushusha, nikaukata nusu, nikachukua upande usio na mstari wake. Nusu nyingine niliirudisha juu. Angalau hilo nililifanya.

Patasi ilipoingia nilisikia. Mbao kavu hulia kama karatasi inayochanika, na hii ilikuwa kimya, laini, kama kukata sabuni. Kila fundi anaijua sauti hiyo, au ukosefu wake. Niliendelea. Nilikata BHOKE herufi kubwa, O yake ikiwa nzuri kuliko zote nilizowahi kukata. Hata Ouma angeiweka upande wake wa meza. Mlipouona mlisema mzee amemheshimu mkewe. Mmoja wenu aliupiga picha. Nilipokea mikono yenu na pole zenu nikijua kwamba kilichotangulia mbele yetu ni mbao mbichi.

Kiangazi hakikuchelewa. Wiki ya tano ulitokea ufa upande wa kushoto wa mkono wa msalaba, ukafuata nyuzi, ukaingia kwenye B. Wiki ya nane ulikuwa umetokea upande wa pili. Ulipita katikati ya jina zima kwa mstari ulionyooka, kama mwalimu anavyokata jibu lisilo sahihi.

Baadhi yenu mlikuja, kwa nia njema. Mmoja alisema, "Mzee, hilo ni jambo dogo. Gundi na unga wa msumeno, tunaziba, tunapiga vanishi, hakuna atakayeona."

"Atashika," nikasema.

"Nani?"

Nikainama kuutazama ufa. Alidhani huzuni imenipanda kichwani, akaniambia nikapumzike. Mimi nilikuwa nafikiria kidole gumba. Nyufa zote nilizokataa kuziba kwa ajili ya mapambo ya mezani, hereni za watu nisiowajua, halafu huu mmoja ndio nizibe.

Ule wa stika uko stoo mpaka leo, chini ya saa mliyonipa. Umepigwa na joto lile lile. Haujapasuka. Chacha akija huuona, na mimi kila akija namwomba radhi, na yeye kila mara anasema, "Yaishe, shemeji."

Masika ilipopita nilipanda ngazi, nikachora mstari wa pili kwenye nusu iliyobaki. Vuli ilipopita, wa tatu. Mistari yangu imesimama wima, kwa sababu hakuna aliyenishikia ngazi na nilipanda kwa kujibana ukutani, mikono yote miwili ikiwa huru. Wake peke yake ndio uliolala kushoto. Kati ya mstari wa pili na wa tatu ndipo mkono ulipoanza. Kwanza kikombe cha chai, halafu sahihi, halafu patasi. Daktari alisema ni umri, akanipa vidonge vinavyonipa usingizi na kuacha mkono ukiendelea na mambo yake. Nikavunja karakana, nikauza jiriwa na randa, nikawaambia nimestaafu. Nilibakiza patasi ya Ouma na jiwe.

Binti yangu Nyangi, anayefundisha shule ya msingi huko Tarime, alikuja wakati wa likizo. Aliniona nikimwaga chai, akautazama ubao darini, akaelewa bila kuambiwa. Yeye ni mtoto wa mama yake.

"Baba, ukate sasa wakati mkono unakubali."

"Una mistari mitatu."

"Mitatu si sawa na mmoja. Pengine hautapasuka."

"Pengine."

"Na mkono ukikataa kabisa kabla ya masika kwisha? Utabaki na ubao mkavu na hakuna wa kuuchonga."

"Ndiyo."

"Basi mpe fundi mwingine akusaidie herufi."

"Nani? Yule wa stika?"

Alicheka kidogo, halafu akalia, halafu akaosha vyombo. Kabla ya kuondoka alisema, "Mama angekuambia usubiri." Nikasema najua. Akasema, "Mimi sipendi, lakini angekuambia hivyo." Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Kwa hiyo nasubiri. Masika imeanza wiki hii, inanyesha vizuri, na ikikatika nitapanda ngazi. Nyangi ameahidi kuja kuishika.

Mkono unatulia kidogo asubuhi, tangu jua linapoingia mpaka chai ya pili. Saa hiyo nakaa jikoni na patasi na kipande cha mgrevilea wa kutupa, nakata jina. Moja kila siku. Nikimaliza nalihukumu. O zake nyingi ni viazi. Juzi nilipata moja ambayo sikujua niiite nini, nikamkumbuka Ouma. Sizihifadhi. Naziweka mafigani, moto unazichukua, na moshi unapanda juu kwenye ubao.

Leo O imetoka mviringo. Mguu wa K umeteleza. Nimeliweka motoni pamoja na mengine, nikapikia chai.